Kikombe Juu ya Karatasi

Benchi letu lina urefu wa mita mbili na sentimita kumi. Hukaa watu watano wanaoheshimiana, au wanne wasioheshimiana, na mguu wake mmoja mfupi umeegemezwa kwa jiwe kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Lipo kwenye kona ambapo njia ya shule inaachana na njia ya sokoni, na waliozoea kulikalia tunahesabika: kinyozi, tuliyemwita Redio kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia; fundi cherehani anayeshona sare za shule, ambaye sketi zake zimempa jina la Marinda; fundi viatu, Soli, anayesema machache kwa sababu muda mwingi misumari imo mdomoni; na mimi, mtakwimu mstaafu, ambaye wenzangu huniita Asilimia. Kahawa hutuuzia Mama Birika, mwanamke asiyewahi kukosa jibu. Asubuhi ya Jumamosi ninayoisimulia nilifika saa mbili na robo nikiwa na jalada kwapani. Ndani ya jalada mlikuwa na karatasi moja, na saa nne kamili nilitakiwa niwe shuleni na karatasi hiyo.

Sharti nieleze ilikuwa karatasi ya nini. Kamati ya shule ina wajumbe saba, na iliyokuwa mbele yetu ni hatima ya kile ambacho watoto wa darasa la nne hukiita kipindi cha mikono. Mwalimu wao, msichana wa miaka ishirini na sita, alikuwa amezoea mara tatu kwa wiki kuwaambia waweke kalamu chini. Badala ya kunakili ubaoni, wakawa wanafinyanga, wanakata, wanapima, wanabandika, wanabomoa na kuanza upya. Wazazi waligawanyika. Katika kikao kilichopita wajumbe watatu walitaka kipindi kiendelee, watatu walitaka kifutwe, na wa saba, yaani mimi, nilikuwa kitandani na mafua. Kwa hiyo kura iliyobaki ilikuwa yangu. Nilikwisha kupiga hesabu: dakika arobaini mara tatu ni saa mbili kwa wiki, kwa wiki thelathini na tisa za masomo ni saa sabini na nane ambazo mtoto haandiki mstari hata mmoja. Chini ya jumla hiyo niliandika neno Hapana, nikalipigia mistari miwili.

Jambo moja halikuwemo katika hesabu. Mwalimu huyo ni binti wa Soli. Alikuwa amemwambia baba yake kwamba kipindi hicho kikifutwa ataacha ualimu, na Soli, ambaye alijua vizuri kura imebaki kwa nani, hakuwahi kunitamkia lolote. Asubuhi hiyo nilimkuta akigongagonga kisigino cha kiatu cha mtoto, na robo saa baadaye alikuwa bado yuko kwenye kisigino kilekile.

Redio ndiye aliyelianzisha, kama kawaida yake. Alitoka kibandani mwake na taulo begani, akaketi katikati ili asikike pande zote.

— Asilimia, hebu nisaidie wewe uliyesoma. Wiki iliyopita wamenijia watoto sita na mfuko. Nikajua wanakuja kunyolewa. Kumbe wanataka nywele.

— Nywele za nani? akauliza Mama Birika.

— Za wateja wangu. Za sakafuni. Eti mwalimu kawatuma.

— Wakazifanyie nini?

— Ndiyo nakuuliza wewe. Mtu akiokota nywele zako kimyakimya, unajua pa kwenda kulalamika. Hawa wamebisha hodi, wameamkia, wameshukuru na sakafu wakanifagilia. Sasa nimshtaki nani?

Maneno hayo yaliwafungua wengine. Marinda alikiri kwamba naye alifuatwa, akaombwa vitambaa chakavu na vifungo visivyo na wenzake. Mama Birika alikuwa ametoa makopo mawili ya machicha ya kahawa. Mimi mwenyewe nilikumbuka kwamba mjukuu wa jirani alinisihi nimpe kalenda za miaka iliyopita, nikampa nne, nikijisifu moyoni kuwa mtoto huyo anapenda tarehe. Nilizipanga bidhaa hizo kwa mpangilio: nywele, vitambaa, vifungo, machicha, kalenda. Hazikuwa na uhusiano wowote niliouona. Penye orodha isiyo na maelezo, wenzangu hawakawii kuleta maelezo.

Marinda alisema wazi kwamba wanaunda mtu. Nywele ni za kichwani, vitambaa ni nguo, vifungo ni macho, na machicha ya kahawa ni ya kupaka rangi ya ngozi. Redio hakukubali liishie hapo. Kwa maoni yake mtu huyo alikuwa ni mwalimu mkuu wa pili, atakayewekwa ofisini ili yule wa kwanza apate kupumzika.

— Akikaa ofisini kutwa bila kusema neno, alisema Mama Birika, tutamtofautishaje na aliyepo?

Tulicheka, isipokuwa Soli. Redio, alipoona kicheko kimemponyoka kikaenda kwa mwingine, aliongeza dau: wakishamaliza mwalimu mkuu watatuunda sisi, mmojammoja, na siku moja tutafika hapa kunywa kahawa tukute tumeshakaa.

— Na ndiyo maana nasema kipindi kifutwe, aliendelea. Wahenga hawakukosea: chanda chema huvikwa pete. Chanda ni cha pete, si cha kuchovya kwenye udongo.

Nilimweleza, kwa upole unaonipasa, kwamba methali hiyo inahusu kumtuza anayestahili, wala haina habari na udongo. Alinishukuru, akasema basi samaki mkunje angali mbichi. Nilimuuliza anakusudia nini. Akasema mtoto akunjwe mapema akae chini anakili, maana akishakauka hanakili tena. Nikaona nimwache.

Hapo ndipo Marinda alipotoa aliyokuwa ameyahifadhi kuanzia alfajiri. Habari hiyo ilikuwa ikimuunguza, na alisimama ili aitoe vizuri. Jana jioni, alisema, binti wa dada yake aliyeko darasa hilo alirudi na kazi ya nyumbani. Si kuzidisha, si kugawanya, si imla. Wametakiwa wachukue karatasi moja, moja tu, bila gundi, bila uzi, bila mkasi, wajenge daraja kati ya matofali mawili. Na daraja hilo libebe kikombe kilichojaa.

— Kilichojaa nini? aliuliza Mama Birika.

— Chochote. Maji, chai, hii kahawa yako.

— Karatasi?

— Karatasi.

Tukasema wote kwa pamoja. Sitayarudia yote, kwa kuwa mengi yalisemwa mara tatu. Redio alipendekeza karatasi ipakwe sabuni ya kunyolea, iachwe ikauke iwe ngumu kama kauri. Marinda alimkumbusha kwamba cha kupaka ni sawa na gundi, nayo imekatazwa, akaleta la kwake: ingefaa ipigwe pindo pande zote nne kwa mshono wa nyuzi mbili. Akakumbushwa kwamba uzi nao umekatazwa, tena ni yeye mwenyewe aliyetuambia. Mama Birika alisema daraja litasimama bila taabu iwapo mtu ataanza kwa kunywa kahawa. Redio, ambaye mawazo yake huota mbawa kadiri saa zinavyosonga, alifikia kusema kuwa swali ni mtego, kwamba mwalimu anataka kujua ni mtoto gani atalia wa kwanza, na wasiolia watapelekwa mahali.

— Mahali gani? nilimuuliza.

— Mahali. Wewe mtu wa takwimu hujui kuna mahali?

Niliona ni wajibu wangu kulimaliza suala kwa njia iliyo sahihi. Nilinyanyua kikombe changu, nikakipima kwa mkono wenye uzoefu. Kikombe cha Mama Birika kikijaa hakipungui gramu mia moja na ishirini. Karatasi kama ile iliyokuwa jaladani mwangu ni gramu tano. Uwiano ni ishirini na nne kwa moja. Niliwaambia: mtu wa kilo sabini, kwa uwiano huo, angetakiwa abebe kilo elfu moja mia sita na themanini mgongoni, na asipindike. Kwa hiyo haiwezekani, na mwalimu anayewapa watoto wa miaka kumi jambo lisilowezekana anawapotezea saa sabini na nane kwa mwaka. Hakuna aliyenipinga, na ukimya wao ulinipendeza kuliko ilivyonipasa.

Ndipo nyundo iliponyamaza. Soli alitoa misumari mdomoni, mmoja baada ya mwingine, akaiweka kiganjani. Nilihesabu mitano.

— Asilimia, alisema, mimi sikuombi kitu. Kura ni yako, na urafiki si rushwa. Ila yule mtoto akiacha kazi, hamtamwona ninyi. Nitamwona mimi, kila asubuhi, anapanga vyombo vilivyokwisha kupangwa.

Akairudisha misumari mdomoni. Nilitazama saa: tatu na dakika ishirini na tano. Tulikuwa tumelijadili daraja hilo kwa karibu saa nzima, na kahawa katika birika ilikuwa imeshuka chini ya nusu.

Msichana wa miaka kumi hivi aliyetokea kwa upande wa shule alikuwa amevaa ndala na sketi ya sare ingawa ilikuwa Jumamosi. Alituamkia, tukamwitikia kwa pamoja, akamwambia Soli kwamba ametoka kufagia darasa litakalokaliwa na kamati, na mama yake amesema achukue viatu kama vimekuwa tayari. Kumbe kisigino kile kilichogongwa asubuhi nzima kilikuwa chake. Soli alimwonyesha kwa kidole asubiri kidogo, naye akasubiri akiwa amesimama, akisikiliza. Redio alikuwa anarudia hukumu yangu ya kilo elfu moja mia sita kwa ajili ya mpita njia mmoja ambaye hakuuliza.

— Babu, msichana aliniambia, mnazungumza daraja letu?

Nilikiri. Redio alinipokonya maneno, akamweleza kwamba wazee wake wamelichunguza jambo hilo kwa kina, kila mtu kwa fani yake, na mzee huyu aliyesoma hadi chuo kikuu amethibitisha kwa hesabu kwamba karatasi moja haiwezi kubeba kikombe, kwa hiyo asijisumbue.

Msichana alimsikiliza hadi mwisho kwa adabu. Alilitazama benchi, akaangalia chini yake, akatazama meza ndogo ya Mama Birika, kama mtu anayetafuta kitu ambacho lazima kipo mahali.

— Kwani mmejaribu?

Redio alifungua kinywa. Marinda alianza kukagua futi yake ya shingoni, inchi kwa inchi. Mama Birika alifunika birika ambalo lilikuwa limefunikwa. Mimi nilitafuta jibu katika miaka thelathini na minne ya utumishi wangu, nikakuta ripoti nyingi.

Swali hilo halijajibiwa hadi leo. Mama Birika, ambaye ndiye mwenye akili za haraka kuliko sisi wote, alichomoa matofali mawili aliyokuwa amewekea beseni la kuoshea vikombe, akayaweka juu ya benchi. Msichana alitanua vidole, akayaachanisha kwa shubiri yake moja. Ikabaki karatasi. Gazeti la Redio lilikuwa limelowa sabuni. Karatasi za Marinda za kukatia mitindo zilikuwa kubwa na zimechoka. Macho yakahama, moja baada ya jingine, yakaja kutua kwenye jalada langu.

Sikuitoa mara moja. Niseme kweli, mwandiko ulikuwa mzuri.

Msichana aliipokea kwa mikono miwili, akailaza wazi juu ya matofali, akaweka kikombe kitupu katikati. Karatasi ilibonyea, kikombe kikaanguka, akakidaka kabla hakijafika kwenye ubao. Redio akasema si unaona.

— Naona, babu, alijibu kwa furaha. Ikilala bapa haibebi. Hiyo sasa tunaijua.

Akaanza kuikunja kwa urefu, huku na huku, kama mtu anayetengeneza kipepeo cha kujipepea. Alikunja kwa haraka, mkunjo mmoja mpana, mwingine mwembamba. Nilimwona Marinda akiteseka. Alivumilia mkunjo wa kwanza, wa pili, na wa tatu. Wa nne ukamshinda.

— Mjukuu wangu, nisamehe. Marinda hayakunjwi hivyo. Yakipishana upana, moja linabeba na jingine linategea. Hebu.

Alipiga magoti mbele ya benchi, mtu mwenye goti linalolalamika wakati wa mvua, akaanza kuikunja upya kwa ukucha wa dole gumba.

— Unapima kwa jicho? aliuliza Redio.

— Wewe una nini?

Redio aliingia kibandani mbio akatoka na kitana kirefu. Meno kumi kwa kila rinda, alisema, hayapungui hayazidi, akawa anashika kitana karatasini na kuhesabu kwa sauti, naye Marinda anakunja, msichana anashikilia ncha. Kisha mikunjo ikaonekana bado inafunguka. Soli, bila kusema, alisogeza mkono uliobeba kipande chake cha mfupa cha kulainishia ngozi, akakipitisha juu ya kila mgongo wa rinda mara moja, taratibu, kama anavyofanya kwenye kiatu cha harusi. Mikunjo ikakaa. Nikajikuta nimesimama nyuma yao nahesabu: marinda kumi na manne.

Marinda aliinua macho akaiona sketi ya msichana, iliyokuwa imesimama vizuri kiunoni ijapokuwa imefuliwa mara nyingi.

— Hiyo nimeishona mimi, alisema polepole. Miaka ishirini na miwili nakunja kitambaa ili kisimame. Na leo saa nzima nimekaa hapa nikasema karatasi haisimami.

Daraja likawekwa. Mama Birika alijaza kikombe hadi ukingoni, akasema hakuna haja ya kudanganya. Msichana alikishika kwa vidole viwili, akakiteremsha, akaachia kidole kimoja, halafu cha pili.

Kikombe kilisimama.

Kinyozi, fundi cherehani, fundi viatu, muuza kahawa na mtakwimu, wote tumeinamisha vichwa juu ya karatasi ya gramu tano, na mvuke wa kahawa unatupanda usoni. Msichana akauliza kama tunaweza kuongeza cha pili. Mama Birika akakijaza kabla hajamaliza kuuliza. Kikawekwa ubavuni mwa mwenzake. Karatasi ikatoa mlio mdogo, kama mtu anayejiweka sawa kitini, ikatulia. Arobaini na nane kwa moja. Nilirudia hesabu hiyo kwa sauti, mara mbili, na mara ya pili nadhani nilimshika Redio bega.

— Na nywele zangu? Redio aliuliza ghafla. Mlizifanyia nini?

— Tulichanganya na udongo, msichana alieleza. Matofali yasiyo na nywele tuliyaangusha yakavunjika. Yenye nywele tumeyaangusha mara tatu, mazima. Tunajenga mtaa wetu wote, mdogo, darasani. Kalenda ni za kuta. Machicha ni ya rangi ya barabara. Benchi lenu tumeshalimaliza.

— Sisi tumo? aliuliza Mama Birika.

— Bado. Ila jiwe la chini ya mguu lipo.

Redio alijinyoosha, akaziangalia nywele za sakafuni kwake kwa heshima mpya. Kisha akafungua kinywa kwa ajili ya methali. Tukasubiri. Akakifunga. Kwa kumbukumbu zangu, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Saa tatu na dakika hamsini na moja msichana aliondoka amevaa viatu vyake, akirukaruka kujaribu kisigino kipya. Nilivinyanyua vikombe, nikakiweka kimoja mezani na kingine nikakinywa. Niliichukua karatasi yangu. Ilikuwa imara mkononi kama kipande cha bati. Jumla ya saa sabini na nane ilikuwa imekatika katikati, na neno Hapana, pamoja na mistari yake miwili, lilikuwa limezama ndani ya rinda la tisa.

— Sasa utaisomaje kwa wajumbe? aliuliza Redio. Wakikwambia lete hesabu?

— Nitawaambia zina kazi.

Soli alikuwa ameinama. Nilidhani anatafuta msumari, kumbe ana brashi mkononi, naye aliving'arisha viatu vyangu vyote viwili palepale nilipokuwa nimesimama, bila kuniangalia. Nilimwacha. Kuna shukrani ambazo ukizikatisha unamkosea mtu.

Mama Birika aliinamisha birika kwa mara ya mwisho. Ilitoka kahawa ya kikombe kimoja kamili, wala tone halikubaki. Alinikabidhi bila kuulizwa, akasema nikirudishe kikiwa kizima, na kuhusu matofali nisijali, shuleni yapo ya nywele.

Kutoka benchi hadi lango la shule ni hatua mia nne na kumi na mbili. Nimezihesabu kwa miaka mingi, kwenda na kurudi. Asubuhi hiyo sikuzihesabu. Nilikuwa nimeshika kikombe kilichojaa.